Jua la Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru. Kimya kirefu. Kwaru.

Hiyo ndiyo sauti. Nimerudi nyumbani tangu mchana, nimekula, nimeosha vyombo, nimemsaidia Mama kufumua mishono ya gauni la mteja, na bado naisikia, ingawa aliyekuwa akiitoa amelala kwenye boksi miguuni pangu na hatikisiki.

Nilikwenda kinyozini kwa Mjomba kuchukua mkasi wa Mama. Mjomba ndiye humnolea dada yake mikasi, tangu Mama alipoanza ushonaji. Nilimkosa kwa muda. Alikuwa ametokea mlango wa nyuma kuanua taulo zake maana wingu lilishakaa vibaya, na kwenye kiti alimwacha mteja na povu shavuni. Kwenye benchi alikuwapo yule mzee mwenye upara, ambaye hushinda pale kila siku japo hana unywele hata mmoja wa kumpa Mjomba kazi. Nikaketi kando yake. Ndipo nilipoisikia, chini ya sinki.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Meneja," akasema mwenye upara. "Anaomba likizo."

"Kwa nini Meneja?"

"Anashinda amekaa, hafanyi kazi, na anakula kabla ya wafanyakazi."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikainama kutazama.

Beseni la buluu. Ndani yake kobe mdogo wa kuenea kiganjani, na kipande cha mkate kilicholowa maziwa. Alikuwa anapanda ukuta wa beseni, anateleza, anatulia kama mtu anayefikiri, anapanda tena. Gamba lake, ambalo nilidhani lingekuwa mviringo kama mgongo wa kijiko, limeota vinundu. Kila kipande kimeinuka kivyake, kama vikombe vilivyopinduliwa. Nilimwinua, kidole gumba kikamgusa tumboni, na tumbo likabonyea. Gamba la kobe lilibonyea, kama kucha iliyokaa sana kwenye maji. Nilikitoa kidole upesi kana kwamba nimemgusa mtu jichoni.

"Mjomba, huyu anaumwa," nilisema aliporudi na taulo begani.

"Anaumwa nini? Anakula kuliko wewe."

"Gamba lake ni laini."

"Bado mtoto. Hata wewe utosi wako ulikuwa laini, nimeushika kwa mkono wangu huu."

"Nipe nikamtibu."

"Profesa! Kwani wewe umesomea kobe?"

"Nimesomea fizikia."

"Haya, mtibu kwa fizikia." Alisema hivyo akimtazama mteja wake kwenye kioo, na wote wakacheka tena. Lakini nilipomtoa kobe kwenye beseni nikampakata hakucheka. Alinifuata hadi mlangoni. "Mvua zikiisha, Meneja anarudi kazini. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nimesahau kuchukua mkasi.


Jumatano, 5 Machi

Daktari wa mifugo ni mtu mrefu mwenye buti za mpira. "Mimi ni wa ng'ombe," alisema. "Mbwa nikilazimika." Kisha akafungua kitabu kinene mbele yangu bila aibu, akawa anasoma huku amemshika Meneja mkono mmoja. Nilimpenda kwa hilo, na hilo hilo likanitia wasiwasi.

Gamba ni mfupa, alisema. Watu hudhani ni nyumba aliyoibeba, kumbe ni mbavu zake na uti wa mgongo. Huyu amekosa chokaa mwilini na amekosa jua la kuifanya chokaa hiyo iwe mfupa. Akanipa unga mweupe wa kunyunyizia majani. Mkate basi. Maziwa basi. Majani na magugu ya kila aina, maji ya uvuguvugu kila asubuhi ajiloweke na kunywa, na jua.

"Vinundu vitaisha?"

"Haviishi. Kilichokwisha kuharibika kimeharibika. Tunatibu kitakachoota."

"Ataishi?"

Alinirudishia Meneja polepole. "Sasa hivi hatujui. Likizidi kulainika, hapana. Likianza kukaza, ndiyo."

Sijui kwa nini nilitegemea jibu la aina nyingine.


Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Majani kidogo tu.


Jumapili, 9 Machi

Mjomba amekuja jioni kumwona mgonjwa, amevaa shati la kutokea. Amenywa chai, amemuuliza Mama hali ya goti lake, na alipodhani sitazami akaingiza mkono mfukoni. Mkate!

"Mjomba."

"Nilikuwa naunusa tu."

Mama akacheka mpaka akalegeza futi ya kupimia shingoni. Mimi sikuona la kuchekesha. Mtu amemlisha kiumbe kwa mapenzi hadi mifupa ikawa kama nta, na bado anakuja na mapenzi yale yale mfukoni. Niliuchukua mkate nikautupa mbele yake. Akautazama kwenye pipa la taka kwa muda, kisha akasema chai ni nzuri.


Ijumaa, 14 Machi

Nimepata mahali. Nyumba yetu ina vyumba viwili, ghorofa ya pili, na ni dirisha moja tu la sebuleni linalopata jua la asubuhi. Hapo ndipo cherehani ya Mama imekaa miaka yote, kwa sababu ya mwanga. Nilizunguka na maneno siku mbili nzima, leo nikamwambia.

"Unataka nihame kwa ajili ya kobe?"

"Kwa muda, Mama."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Wewe ulipokuwa mtoto nilihama kitanda kwa ajili ya paka. Shika upande huo."

Tukaisogeza cherehani hadi ukutani, chini ya taa. Kizingiti cha dirisha ni kipana, boksi linaenea. Jua lilipotoka kwa muda mfupi lilimwagika lote juu yake kupitia kioo, joto zuri, na Meneja akanyoosha shingo na miguu yote minne kama nguo iliyoanikwa. Nilisimama pale nimeshika mikono yangu mwenyewe kwa furaha.


Jumamosi, 15 Machi

Jua asubuhi yote. Amekula jani zima la boga.


Jumanne, 18 Machi

Jua kidogo. Nimetuma maombi ya kazi shule nyingine tatu. Mama anashona akiwa ameinama zaidi kuliko zamani.


Jumatatu, 24 Machi

Mvua, jua, mvua. Meneja yuko dirishani. Mama ameshona mkono wa shati kinyume, akafumua, akashona kinyume tena. Amesema ni uzee. Nimesema ni taa. Hatukuendelea.


Jumapili, 30 Machi

Nimembonyeza. Najua sipaswi kumbonyeza kila mara, lakini nimembonyeza. Sioni tofauti. Au naona: nadhani limezidi kulainika pembeni, karibu na mguu wa nyuma. Nimemwomba Mama ashike. Amesema yeye anajua vitambaa. Nikamwambia ajifanye ni kitambaa. Akapitisha kidole, akasema, "Hiki hakijapigwa pasi, kinalegea."

Sielewi. Unga anakula. Majani anakula. Anajilowesha, anakunywa. Jua likitoka hata kwa nusu saa liko juu yake. Nimefanya kila nililoambiwa.

Mjomba alikuja, akakaa karibu na dirisha muda mrefu, mgongo wake umeniziba.


Alhamisi, 3 Aprili

Nimekuta makombo kwenye boksi. Makombo ya mkate.

Nimesubiri jibu, sasa nimelipata.


Jumapili, 6 Aprili

Nitaandika yote ili nisije nikayabadilisha baadaye kichwani.

Alikuja na mwavuli uliovunjika ubavu. Sikumpa nafasi ya kuukunja.

"Umempa mkate."

"Nani?"

"Mjomba, nimeona makombo."

Alimtazama Mama. Mama akawa anatafuta pini ambayo ilikuwa mdomoni mwake.

"Kipande kimoja," alisema. "Aliniangalia."

"Kobe haangalii! Kobe ana njaa au hana njaa!"

"Mimi nakaa naye tangu ana ukubwa wa kifungo cha koti. Ananiangalia."

Nikamwambia kwamba daktari amesema likizidi kulainika atakufa. Nikamwambia kwamba limezidi kulainika. Nikamwambia kwamba nimemtunza mwezi mzima na yeye anakuja kila Jumapili kubomoa nilichojenga wiki nzima, kwamba alimfungia chini ya sinki kama ndala mbovu ili wateja wapate cha kuchekea, na mwishoni nikasema, "Umemlemaza wewe. Wewe kwa mikono yako."

Mvua iligonga dirisha. Hata Mama hakunikemea, na huwa hachelewi.

"Nilikuwa nampa nilichokuwa nakula mimi," Mjomba akasema. Hakupandisha sauti. "Asubuhi, kabla sijafungua. Chai yangu, mkate wangu, namgawia. Sikujua kwamba kuna chakula changu na chakula chake."

Akaondoka na mwavuli wake ukiwa wazi, ukakwama mlangoni, akahangaika nao, na hakuna aliyecheka.

Mama aliosha kikombe ambacho hakikutumika. "Ulikuwa na haki," alisema. "Lakini hukuwa na haki ya yote."

Yapi nilikuwa na haki nayo na yapi sikuwa nayo? Nilitaka kumuuliza. Ameenda kulala.


Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Hakuna mkate. Meneja yuko vilevile.


Jumapili, 13 Aprili

Mjomba hakuja. Mama aliweka vikombe vitatu.


Jumatano, 16 Aprili

Nimemrudisha kwa daktari. Alimgeuza, akambonyeza taratibu pande zote.

"Limelainika zaidi," alisema. "Anakula?"

"Majani tu. Na unga wako."

"Anajilowesha?"

"Kila asubuhi."

"Jua?"

"Kila linapotoka. Yuko dirishani kuanzia asubuhi."

"Dirisha lina kioo?"

"Lina kioo."

"Mnalifungua?"

"Halifunguki. Lilipakwa rangi likagandia kabla hatujahamia."

Akamweka Meneja mezani. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. "Kosa langu," alisema. "Nilisema jua. Nilidhani nikisema jua, nimemaliza."

Akaanza kunieleza kwamba kioo hupitisha mwanga na hupitisha joto, lakini kuna miale mingine, ile isiyoonekana, ile inayoamsha kazi ya mifupa mwilini, ambayo kioo... Nami nikaimalizia sentensi yake. Nikaimalizia vizuri, kwa maneno ya darasani, hadi urefu wa mawimbi. Nimefanya mtihani wa jambo hilo. Nilichora mchoro wake kwa rula. Nilipata alama nzuri.

Tulitazamana.

"Sasa," akasema taratibu, "mpeleke nje. Jua la moja kwa moja, hata kidogo. Na kivuli cha kukimbilia likimzidi. Haijawa mwisho."

Nimetembea kurudi nyumbani mvua ikininyeshea, Meneja ndani ya sweta. Nilikuwa najaribu kupanga mambo na hayakupangika. Mjomba alimweka gizani hajui. Mimi nilimweka kwenye mwanga, najua kila kitu kuhusu mwanga, na mwanga wangu haukuwa na chochote ndani yake. Mwezi mzima nimemwona amenyoosha miguu kwenye joto lile nikadhani anapona. Yeye mwenyewe huenda alidhani anapona. Na kipande kimoja cha mkate, kile nilichompigia mtu kelele hadi akashindwa kukunja mwavuli wake, kina uzito gani kando ya mwezi mzima?

Na Mama ameshona gizani kwa ajili ya dirisha hilo.

Sijamwambia. Nimesema daktari hakuwapo.


Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Mama. Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Kwa hiyo nirudi dirishani kwangu?"

"Rudi, Mama. Nisamehe."

"Ngoja nimalize mkono huu kwanza, nimeshaukosea mara tatu." Akakanyaga, akaacha tena. "Na ndugu yangu utamwambia lini?"

Nikaenda kulitoa boksi dirishani.


Jumamosi, 19 Aprili

Uwanja ulio mbele ya jengo letu ni udongo, nyasi chache, na kamba za nguo za jirani wa chini. Nimegundua kwamba yule mama analijua jua kuliko mtu yeyote. Akitoka na beseni lake, na mimi nashuka mbio na boksi langu. Yeye anaanika, mimi naanika. Wingu likija, wote wawili tunaanua tukikimbizana ngazini.

"Wewe mama kobe," ameniambia leo, "mume utampata lini kwa mtindo huu?"

"Akitaka kuja, aje na majani."

Amecheka hadi kibanio cha nguo kikamdondoka mdomoni.


Jumatatu, 21 Aprili

"Mama Kobe! Jua!" Ameniita kutoka chini, nikashuka bila viatu. Robo saa tu.


Jumatano, 23 Aprili

Mvua kutwa.


Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kutwa. Naogopa kumbonyeza.


Jumapili, 27 Aprili

Jumapili nyingine, vikombe vitatu. Nikavaa viatu nikaenda mwenyewe. Siku hizi Mjomba hufungua hadi Jumapili. Zamani hakuwa akifungua.

Nilidhani nitamkuta peke yake. Palikuwa na mtu kwenye kiti na mwenye upara kwenye benchi. Taulo zilining'inia ndani, zinanuka unyevu. Nikaona nikisubiri sitasema kabisa.

"Mjomba, haikuwa mkate. Au haikuwa mkate peke yake. Ni dirisha. Kioo kinazuia kile anachohitaji kwenye jua. Nilimweka pale mwezi mzima, na nilisomea jambo hilo, na limelainika kwa sababu yangu."

Mashine iliendelea kunguruma shingoni mwa mteja. Mwenye upara alinitazama, akamtazama Mjomba, kama mtu anayefuatilia mpira.

"Kwa hiyo lile la dirishani," Mjomba akasema mwishoni, "lilikuwa picha ya jua."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nampa picha ya chakula." Akazima mashine, akakung'uta shuka la kunyolea. "Anaendeleaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ushindi wake. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyouvumilia. Hakuushika hata kidogo.

"Hatujui bado," nilisema. "Mbona huji?"

Alianza kukunja shuka ambalo lilikuwa linahitajika kwa mteja anayefuata. "Naogopa mkono wangu," alisema. "Akiniangalia nitampa."

Mwenye upara akakohoa. "Kila asubuhi anasema habari za asubuhi chini ya sinki," aliniambia. "Beseni ni tupu, anasalimia bomba."

"Wewe nyamaza, huna hata nywele."

Nilipokuwa natoka Mjomba akanieleza, kwa sauti ya kuambia mlango, kwamba aliachiwa kobe huyo na mtoto wa mteja mmoja, walipokuwa wanahama. Mtoto alisema atarudi kumchukua. Mjomba alimweka chini ya sinki kwa sababu ndipo penye joto, bomba la maji moto hupita pale, na kwa sababu ni pa muda tu.

Nimemchukia mtu miezi miwili, na sasa sina pa kuiweka chuki hiyo.


Jumanne, 6 Mei

Leo jirani ameita, nimeshuka, na nilikuwa sijamaliza kumweka Meneja kwenye nyasi nikamwona Mjomba anakuja mbio mbio barabarani na koti lake jeupe la kazi. Nyuma yake anakuja kijana amefungwa shuka la kunyolea shingoni, nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina.

"Nimeona jua limetoka," Mjomba akasema, anahema. "Nikasema lazima mko nje."

"Na huyu?"

"Amekataa kubaki peke yake."

"Ningebakije?" kijana akasema. "Mtu akipita aniulize nini kimenipata?"

Tulikaa watatu kwenye nyasi, na Meneja katikati. Alitembea. Alitafuna gugu akiwa amefumba macho. Mjomba alikuwa ameweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, ameikalia. Jirani alisimama na chupi za watoto mkononi akauliza kama ni mkutano. Wingu lilipokuja Mjomba na nusu kichwa wake wakarudi kazini wanakimbia.

Sijui kwa nini nilikuwa karibu kulia, kwa sababu nilikuwa nacheka.


Jumamosi, 10 Mei

Jua refu. Mjomba alikuja, safari hii bila mteja.


Jumatatu, 12 Mei

Mvua asubuhi, jua mchana. Udongo unatoa mvuke. Daktari amesema unyevu huu nao unamfaa, gamba huota sawasawa, bila vinundu, kwenye unyevu. Mimi nililalamikia mvua tangu Machi.


Jumapili, 18 Mei

Kati ya kipande na kipande cha gamba, kuna mstari. Mweupe wa maziwa, mwembamba kama uzi, unazunguka kila kinundu. Nilidhani ni uchafu nikaufuta kwa pamba. Haukutoka. Nikaupitishia ukucha: umelala sawasawa, haukuinuka.

Sikujiamini. Nimekwisha kuona kupona ambako hakukuwapo. Nikamwita Mama. Alikuja kutoka dirishani kwake, akainua miwani, akapitisha kidole cha fundi kwenye mzunguko wote.

"Hili ni pindo," alisema. "Limekaa vizuri. Aliyeshona hili hakuwa na haraka." Kisha, bila mimi kumwomba, akambonyeza tumboni. "Na hapa pamekaza."

"Mama, una hakika?"

"Nashika vitambaa tangu hujazaliwa. Pamekaza."

Vinundu viko pale pale na vitabaki. Ila kuanzia sasa anaongezeka sawasawa.


Ijumaa, 23 Mei

Daktari amekubaliana na Mama.


Jumanne, 27 Mei

Simu imelia nikiwa uwanjani. Mwalimu mkuu wa mojawapo ya shule nilizoomba. Ya mbali, ya bweni. Fizikia. Niripoti tarehe 9 Juni. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri, kisha nikamtazama Meneja aliyekuwa anatafuna kamba ya kiatu changu.

Bwenini siwezi kumpeleka, wamesema wazi. Mama hawezi kushuka ngazi mara tatu kwa siku na goti lile. Na mvua zinakwisha, jirani anaanika hata mazulia. Tumeelewana, nilisema siku ile mlangoni.


Alhamisi, 29 Mei

Daktari anamjua mama mmoja mwenye bustani kubwa nje ya mji, ana kobe wengine, anajua kazi hiyo. Yuko tayari kumpokea wakati wowote. Hilo ndilo jibu sahihi. Naliona kabisa kwamba ni sahihi, kama nilivyoliona dirisha.


Jumapili, 1 Juni

Nimemweleza Mjomba juu ya bustani. Nilitaka abishane. Nilitaka apige meza, anikumbushe makubaliano, ili nijue ninashindana na nini.

"Tulikubaliana habari za kobe mwingine," alisema. "Yule alikuwa wangu. Huyu amekaza, sijawahi kuwa naye huyu. Fanya unavyoona."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nilimwona kila siku kwa miaka miwili na sikuona kitu. Usiniulize mimi."

Akanywa chai yote. Alipoondoka Mama alisema kaka yake tangu utotoni akitaka kitu sana husema hakitaki.


Jumatano, 4 Juni

Nimempigia mama wa bustani, nikasema nitamleta Jumamosi. Nikakata simu, nikahisi nimemwibia mtu. Nikifikiria sinki, nahisi namrudisha kifungoni. Nimegeuza hivi na vile hadi maneno yenyewe yamepoteza maana.


Ijumaa, 6 Juni

Mama amenituma na mikasi yake miwili ikanolewe kabla sijasafiri. Nilifika kwa Mjomba mchana, mlango uko wazi, hakuna mtu isipokuwa mwenye upara anayesinzia. Akanyoosha kidole nyuma bila kufumbua macho.

Sijawahi kutoka kwa mlango ule. Miaka yote nimemwona Mjomba akitoka na taulo mbichi na kurudi na taulo kavu, na mimi, na fizikia yangu, sikujiuliza hata siku moja taulo hizo hukaukia wapi.

Ni ua mdogo wazi, ukuta pande tatu, na jua tupu. Mjomba alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amezungushia matofali kipande cha ardhi, ameyazika nusu ili yasichimbuliwe, ameinamisha kreti la mbao pembeni liwe kivuli, na alikuwa anakandamiza miche fulani udongoni kwa vidole.

"Hiyo nini, Mjomba?"

Aliruka. "Magugu," alisema kwa aibu. "Maisha yangu yote nang'oa magugu, leo naomba miche ya magugu kwa watu. Wananicheka."

"Lakini nilikwambia ninampeleka bustanini. Kesho."

"Najua."

"Sasa hii ya nini?"

Alijifuta mikono kwenye koti lake jeupe, likaharibika. "Sijui," alisema. "Nilijikuta nimeshaanza."

Niliweka mikasi chini, nikachuchumaa nikapima udongo kwa kiganja. Ulikuwa wa moto.


Jumapili, 8 Juni

Ninasafiri kesho alfajiri, nitaandika kwa kifupi.

Jana sikwenda bustanini. Nilimpigia yule mama nikamwomba radhi, akasema mlango uko wazi siku zote. Leo asubuhi nimempeleka Meneja kwa Mjomba. Nilimkuta hajafungua, anakunywa chai ua wa nyuma, amekaa kwenye kiti kibovu cha kunyolea. Nilimweka Meneja ndani ya matofali. Alitulia. Kisha akatembea, polepole, akafika ukutani, akageuka, akaanza kula gugu la kwanza. Miguu yake kwenye udongo haitoi sauti kabisa. Nilitega sikio kuhakikisha.

Nilimweleza Mjomba habari za unga na za maji ya asubuhi. Alirudia kila nilichosema, kama mtoto anayetumwa dukani. Ndipo nilipoona kisosi chake. Kipande cha mkate, kimewekwa pembeni, kimechovywa upande mmoja.

Aliona kwamba nimeona. Meneja naye alikuwa ameinua kichwa, na nakubali sasa, alikuwa anamwangalia.

Mjomba akakishika kipande kile, akakiingiza chote mdomoni, akatafuna akinitazama mimi usoni, mashavu yamejaa, macho yanamtoka machozi kwa kukosa hewa, hadi akameza cha mwisho. Kisha akafungua mdomo kunionyesha kwamba hamna kitu.

Sijui kama nimefanya vizuri. Daktari angechagua bustani. Mimi mwenyewe wiki iliyopita ningechagua bustani. Nimeshafanya.

Beseni la buluu lilikuwa bado chini ya sinki, limeoshwa, limekauka. Nimelichukua, na Mjomba hakuuliza. Vitabu vyangu vya fizikia vimeenea humo vyote, nimelifunga kwa kamba ya jirani, liko mlangoni.